Jinsi ya kuishi kwa impruvu: stejini, darasani na maofisini

Nianze na hela maana ndo swali ambalo kila mtu analo ila anaona aibu kuuliza. Impruvu, yani komedi ya papo kwa papo, ile mnapanda stejini hamna skripti hamna kilichopangwa mnaomba neno moja kwa watu mnaanza, stejini haikulipi. Au tuseme inakulipa kidogo na kwa kuchelewa sana. Hata Marekani kwenye miji yenye kumbi zake kibao wengi wanaopanda jukwaani wana kazi nyingine mchana. Upright Citizens Brigade, kundi la kina Amy Poehler, mchekeshaji wa Marekani, lililofungua ukumbi wake New York 1999, lilijulikana miaka na miaka kwa kutowalipa wasanii wa shoo zake za kawaida na bado watu walipanga foleni kutaka kucheza pale. Wanaolipwa kueleweka ni wachache, mfano wale wa jukwaa kuu la The Second City kule Chicago ambao wana mkataba wa chama cha waigizaji, na mpaka ufike pale umeshachujwa mpaka umebaki mifupa.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema anaishi kwa impruvu, mara nyingi maana yake ni hii: usiku anacheza shoo, jioni za katikati ya wiki anafundisha darasa, na mara moja moja anaitwa na kampuni fulani kwenda kuwafundisha watu wa mauzo namna ya kusikilizana. Hiyo ya mwisho ndo inalipa kodi ya nyumba. Sasa kuna watu wanaona kufundisha ni kushuka, eti aliyeshindwa kucheza ndo anafundisha, na hao hao baada ya miaka michache unawakuta wameacha kabisa kwa sababu stejini hakukuwalisha. Mi nasema panga kuwa mwalimu toka siku ya kwanza, maana sanaa yenyewe ilizaliwa darasani ndo ikaenda stejini.

Hilo silisemi kwa kukupa moyo, ndo ilivyokuwa. Miaka ya 1930 kule Chicago kulikuwa na mama anaitwa Viola Spolin, alifanya kazi ya maigizo kwenye mradi wa serikali, anafundisha watoto na watu wazima wa mitaa ya wahamiaji, wengine hata lugha hawaelewani vizuri, akaona ukisimama mbele yao ukawahutubia kuhusu uigizaji hawashiki kitu ila ukiwapa mchezo wenye sheria moja na tatizo moja la kutatua wanaigiza bila hata kujua kwamba wanaigiza. Michezo ile aliiweka kwenye kitabu kilichotoka 1963 na mpaka leo ukiingia darasa lolote la impruvu utakutana nayo, wengine wanaifundisha hata hawajui ilikotoka. Mwanae Paul Sills akaichukua akaipeleka kwa waigizaji, 1955 akaanza na Compass Players pamoja na David Shepherd, na Desemba 1959 akawa mmoja wa waanzilishi watatu wa The Second City. Kule London Keith Johnstone naye alikuwa anafundisha pale Royal Court Theatre, baadaye akahamia Kanada kufundisha chuo kikuu Calgary, na 1977 ikaanzishwa Loose Moose Theatre ambako Theatresports ilikulia, ile ya timu kushindana mbele ya majaji kama mechi. Spolin na Johnstone wote wawili walikuwa walimu kwanza.

Jifunze kucheza, na hapa usiruke

Kama ulipo kuna shule, anza hapo. Kozi nyingi zimepangwa kwa leveli, kila leveli inachukua wiki 8 hivi, masaa 2 mpaka 3 kwa wiki, darasa la watu 12 mpaka 16. Kabla hujalipa nenda kaangalie walimu wenyewe wakicheza shoo, halafu omba ukae darasa moja utazame. Tazama kitu kimoja tu: wanaocheza ni wanafunzi, au anayeongea ni mwalimu? Kwenye masaa mawili kila mtu anatakiwa awe ameinuka mara tatu nne. Kama mwalimu anasimulia enzi zake mpaka watu wanapiga miayo, ondoka, hela bado iko mfukoni.

Kama hamna shule tafuteni watu 6 mpaka 8, mkutane siku ile ile kila wiki, mchange mumlipe mtu wa nje awe kocha, hata akiwa mwalimu wa maigizo ya kawaida tu. Msijifundishe wenyewe kwa wenyewe. Kikundi kisicho na jicho la nje baada ya muda kinaanza kuchekeshana kwa utani wa ndani, nyie mnakufa kwa kicheko na siku ya shoo watu wamekaa kimya wanawaangalia.

Sasa nini hasa unajifunza? Ngoja nikuonyeshe sini moja ndogo, yani kipande kimoja cha maigizo. Mtu anaingia amebeba kitu kirefu hewani, anasema: "Daktari, nimeleta ile ngazi uliyoagiza."

Mwenzake ana njia mbili. Ya kwanza ni "Mi sio daktari, na hiyo sio ngazi, ni mwavuli." Watu watacheka, kweli kabisa watacheka, mara moja, halafu sini imekufa, maana mwenye ngazi hana tena ngazi, hana daktari, anaanza upya mbele ya watu akiwa na hasira. Ya pili ni "Iegemeze hapo kitandani, mgonjwa wa leo mrefu." Hapo tumeshajua tuko hospitali na kwamba daktari huyu ana namna yake ya kufanya kazi. "Lakini daktari, hii ngazi ya tatu wiki hii, wakubwa wameanza kuuliza." "Wakiuliza waambie wa jana alishuka mwenyewe."

Kilichotokea hapo ni kwamba kila mmoja amepokea alichopewa akaongeza kidogo, ndo ile kanuni ya "ndiyo, na" ambayo utaisikia mpaka uchoke. Halafu kuna kitu cha pili ambacho wengi hawafundishwi mapema: sini imepata mchezo wake, yani jambo moja la ajabu linalochekesha, daktari anayetibu watu kama fundi ujenzi. Ukishaliona jiulize, kama hili ni kweli, nini kingine kitakuwa kweli? Basi bili ya hospitali inakuja na mifuko ya simenti, nesi anampima mgonjwa kwa futi kamba, na mgonjwa anaambiwa asitoke mpaka akauke. Hakuna aliyetunga kichekesho, wamefuata tu kilichopo. Kina Poehler wale ndo walijenga shule yao nzima juu ya hili la kutafuta mchezo wa sini.

Na hapa nisimame kidogo maana watu wanakosea sana: "ndiyo, na" haina maana mhusika wako hawezi kukataa. Mwenzako akisema "naomba nihamie kwako" ukajibu "hapana, mara ya mwisho ulikuja na mbuzi wawili", mhusika amekataa ila we mwigizaji umekubali kila kitu, umekubali kwamba mnafahamiana, umekubali ameshawahi kukaa kwako, na umempa mbuzi wawili wa kuchezea. Kukataa kunakoua ni kule kwa kufuta alichojenga mwenzio.

Zoezi la Johnstone ambalo mi naliona lina thamani kuliko mengine yote ni lile la hadhi, nani yuko juu na nani yuko chini. Watu wawili wanaongea maneno yale yale ya kawaida kabisa, "umefika saa ngapi", "sasa hivi", ila mmoja anaongea bila kutikisa kichwa kabisa, macho yametulia, mwingine anagusa gusa uso na kuanza kila sentensi kwa "aa". Ghafla kila anayetazama anajua nani bosi. Badilisheni katikati, bosi aanze kugusa uso, utaona chumba kizima kinacheka na hakuna mtu aliyesema kitu cha kuchekesha. Ukilishika hili umepata pia zoezi utakalouza maofisini miaka yako yote.

Baada ya sini za watu wawili ndo mnaingia shoo ndefu. Maarufu inaitwa Harold, Del Close na kundi la The Committee waliianza San Francisco 1967, baadaye Close akaikuza Chicago na Charna Halpern kwenye ukumbi uliokuja kuitwa iO. Kwa ufupi mnaomba neno moja, mnalifungua wote pamoja, mnacheza sini tatu zisizohusiana, mchezo wa kundi zima, mnarudi kwenye zile sini tatu, mchezo mwingine, halafu mwisho vitu vinaanza kukutana, yule daktari wa ngazi anajikuta kwenye harusi ya sini ya pili. Dakika 25 hadi 30 zinatosha. Usiifanye kuwa dini, ni mazoezi ya kukumbuka na kuunganisha.

Na rekodi sauti ya kila shoo, sauti tu. Kwenye video utajiangalia sura, kwenye sauti utasikia ni mara ngapi umemkatiza mwenzako.

Kupata shoo

Kumbi nyingi za vinywaji na kahawa zina siku mfu, siku ambayo mwenyewe anakaa anahesabu viti. Muombe hiyo. Mgawane kiingilio au kiingilio chenu mauzo yake, andikeni hata kwenye meseji ili kesho msigombane. Shoo ya kwanza iwe fupi, vikundi viwili vitatu, saa moja basi, watu waondoke bado wana hamu.

Mshereheshaji ndo nusu ya shoo na watu hawalijui hili. Akisimama akasema "nipeni neno lolote" atapewa choo, kila usiku, kila nchi, sijui kwa nini binadamu wako hivyo. Aulize kitu chenye kona: "nyumbani kwenu mlipokuwa wadogo kitu gani kilikuwa hakiguswi?" Hapo mtu atasema sahani za wageni au redio ya baba, na mmeshapata nyumba, mzazi na kosa, sini imejiandika nusu.

Kabla ya kupanda, dakika mbili kila mtu aseme asichotaka kuguswa au kufanyiwa leo. Mgongo unauma msininyanyue, sitaki kubusiwa, hivyo tu. Sini zinaenda kasi na mtu akishaguswa vibaya mbele ya watu kila mtu anadhani ni maigizo.

Kuanza kufundisha

Usifungue darasa lako moja kwa moja. Anza kwa kumsaidia mwalimu mwingine, unapanga viti unaangalia, siku anaumwa unashika darasa. Halafu anza kukochi vikundi vichanga, wao wanachanga hela kidogo wanakulipa kwa kila mazoezi, hapo ndo utajifunza kutazama. Maana kucheza na kutazama ni vipaji viwili tofauti kabisa, nimeona wachezaji wakali stejini ambao ukiwauliza ile sini ilikufa wapi wanakujibu tu "haikuwa na nguvu". Mwalimu anatakiwa aseme: ilikufa pale ulipoambiwa wewe ni dada yake ukaendelea kuongelea gari.

Darasa la masaa mawili la watu wapya kabisa, mi nalipanga hivi kwa ujumla, dakika 20 za mwanzo michezo ya majina na mwili watu waache kuogopana, kisha nusu saa nzima ya kusikiliza tu, halafu mazoezi ya kupokea na kuongeza wakiwa wawili wawili chumba kizima kwa wakati mmoja ili hakuna anayetazamwa, na sini za mbele ya wengine zinakuja mwisho na ni fupi, dakika mbili tu. Ukigeuza ukaanza na sini za mbele, yule mwenye aibu hutamuona wiki ya pili.

Spolin alikuwa na namna ya kufundisha huku mchezo unaendelea, husimamishi, unarusha neno moja kutoka pembeni nao wanaendelea: "mtazame!", "kishike hicho kikombe!", "onyesha, usisimulie!", "rudia alichosema!" Jifunze hii kabla ya kitu kingine chochote. Ukisimamisha sini kila dakika ili uelezee, unawarudisha kichwani na kichwani ndo walikotoka. Maelezo marefu weka mwisho, na kila mtu mpe jambo moja tu la kufanyia kazi, liwe juu ya alichofanya, lisiwe juu ya alivyo. "Ulimkatiza mara tatu" linasaidia. "Wewe unapenda kujionyesha" halisaidii, atalibeba nyumbani na wiki ijayo atakaa kimya.

Kila darasa lina mchekeshaji wake, yule ambaye kazini kwao wamemwambia ana kipaji, kila sini anaingia na kichekesho alichokiandaa toka njiani. Usimkemee. Mpe zoezi la neno la mwisho: kila sentensi yake ianze na neno la mwisho alilosema mwenzake. Mwenzake akisema "umechelewa tena, chakula kimepoa", yeye lazima aanze na "kimepoa". Hawezi kuandaa kitu maana hajui mwenzake atamalizia wapi, analazimika kusubiri mpaka mwisho wa sentensi, na mara nyingi huyu huyu ndo anakuja kuwa mchezaji mzuri akishajua raha ya kusubiri. Mkimya naye usimvute kwa nguvu, mpe kazi ya kumalizia sini, neno lake liwe la mwisho, watu watacheka na atataka tena.

Kitu kingine hakina mjadala. Mwalimu ana nguvu kuliko anavyodhani, yeye ndo anaamua nani apande leveli, nani aingie kwenye timu. Usitongoze wanafunzi wako. Weka kanuni za darasa kwa maandishi na jina la mtu ambaye sio wewe ambaye mwanafunzi anaweza kumlalamikia. Hata kwa wakubwa haya yamelipuka, Juni 2020 bosi wa The Second City, Andrew Alexander, aliachia ngazi baada ya wasanii weusi waliopita pale kusema hadharani jinsi walivyobaguliwa, na hiyo ni taasisi yenye miaka 60, sembuse darasa lako la chumba kimoja.

Maofisini, ambako hela iko

Hii nayo sio mpya. The Second City ina kitengo chake cha makampuni toka zamani, kuna mtandao wa dunia nzima wa watu wa kazi hii unaitwa Applied Improvisation Network ulioanza 2002, na mwigizaji Alan Alda alisaidia kuanzisha kituo chuo kikuu cha Stony Brook 2009 ambako wanasayansi wanafundishwa kwa impruvu namna ya kuongea na watu wakaeleweka. Kwa hiyo ukienda kwa mteja huendi kuomba akuelewe, soko lipo.

Mteja akipiga atasema "tunataka watu wachangamke kidogo". Usikubali hapo hapo. Muulize: nini kinatokea kazini ambacho ungependa kipungue? Kimya. Muulize tena kwa namna nyingine: kikao chenu cha mwisho kilichoenda vibaya, kilikuwaje? Hapo ndo atafunguka, kwamba watu wa mauzo na watu wa mitambo hawaongei, kwamba mkurugenzi akishasema hakuna anayebisha, kwamba wapya wana mawazo ila wanakatwa. Sasa unajua unauza nini. Uliza pia mabosi watakuwepo au la, na watu wanakuja kwa hiari au wameamriwa, maana chumba cha walioamriwa kinahitaji dakika zake 15 za kuwaambia hakuna atakayeitwa mbele, hakuna atakayelazimishwa kuchekesha. Na utimize hiyo ahadi. Kila zoezi liwe la wawili wawili au vikundi, wote kwa pamoja.

Chumba: viti bila meza. Watu 20 mpaka 25 kwa mkufunzi mmoja, wakizidi ongeza mkufunzi. Saa moja na nusu ndo kiwango cha chini cha maana, masaa matatu ndo vizuri. Wakikwambia dakika 40 baada ya chakula cha mchana kwa watu 200 ukumbini, hiyo ni shoo, waambie ni shoo, na bei yake ya shoo.

Zoezi la kuanzia ambalo halijawahi kukataa ni hili la raundi tatu. Wawili wawili wanapanga sherehe ya ofisi. Raundi ya kwanza kila wazo linajibiwa "hapana" na sababu. Ya pili kila jibu linaanza na "ndiyo, lakini". Ya tatu linaanza na "ndiyo, na". Dakika moja na nusu kila raundi. Usiseme chochote, sikiliza chumba tu: raundi ya kwanza sauti ziko chini na zinakufa mapema, ya pili watu wana adabu ila miili imerudi nyuma, ya tatu kelele mpaka ofisi ya jirani wanachungulia na sherehe imehamia kwenye meli yenye tembo.

Halafu sasa ndo kazi uliyolipwa inaanza, yale mazungumzo ya baada ya zoezi. Wakufunzi wachanga wanaruka hapa, watu wamecheka, wanapitiliza zoezi lingine, na mwisho wa siku mteja anasema ilikuwa raha ila hajui amenunua nini. Uliza kwa mpangilio huu na usiurukie: mmeona nini kimetokea? Kwa nini kilitokea? Kazini kwenu hiki kinatokea wapi? Kwenye swali la kwanza wataje vitu vinavyoonekana tu. Lazima atatokea mtu wa kusema kwamba "ndiyo, lakini" iliuma kuliko "hapana", maana "hapana" unajua imeisha. Mwache, usimalizie kwa ajili yake, nyamaza uwaangalie wenzake wanavyotingisha vichwa, na subiri yule bosi aliyekaa pembeni ajikute mwenyewe.

Pia lazima atatokea mhasibu, au mtu mwenye roho ya mhasibu, atauliza: sasa kila mtu akisema "ndiyo, na" si tutafilisika? Swali zuri kuliko yote, lishukuru. Jibu lake ni kwamba kuna wakati wa kuzalisha mawazo na kuna wakati wa kuchagua, "ndiyo, na" ni ya wakati wa kwanza, na tatizo la vikao vingi ni kwamba vyote viwili vinafanyika kwa sekunde ile ile ndani ya sentensi ile ile. Mkufunzi asiyeweza kulijibu hili anaonekana mchekeshaji aliyepotea njia.

Usiahidi mauzo yatapanda. Usijifanye mtaalamu wa saikolojia, zoezi likimgusa mtu pabaya akaanza kulia mpe nafasi, asubiri nje na mtu anayemwamini, usichimbe. Na kwenye barua ya mapendekezo usiandike neno komedi kila mstari, andika mawasiliano, kusikiliza, kufanya kazi pamoja, maana atakayesaini hela hajawahi kuona shoo yako na akisikia vichekesho anakuweka kwenye fungu la burudani ambalo ni dogo.

Bei piga kwa kipindi kizima, usipige kwa saa. Ndani yake kuna ile simu ya kwanza, maandalizi, usafiri, na ripoti fupi baadaye. Chukua nusu kabla ya siku yenyewe. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: tarehe, idadi ya watu, chumba cha namna gani, nani analipa usafiri, wakiahirisha siku mbili kabla unabaki na nini, na kama wanaruhusiwa kurekodi. Makampuni makubwa yanalipa baada ya siku 30, mengine 60, kwa hiyo usitegemee hela ya mwezi huu kwa kazi ya mwezi huu, na fungu la kodi ya serikali liweke pembeni siku ile ile hela inapoingia.

Ukitaka wateja wengine usiwatumie klipu za shoo. Impruvu kwenye video inapoteza utamu maana anayetazama nyumbani hahisi ile hatari ya kwamba hamna kilichopangwa, anaona tu watu wanababaika. Mtumie klipu fupi ya chumba cha ofisi watu wamesimama wanacheka, na barua ya mteja inayosema nini kimebadilika.

Vipi kuhusu televisheni?

Inawezekana, kina Tina Fey, Steve Carell na Stephen Colbert wote walipita The Second City, na Whose Line Is It Anyway?, kipindi cha michezo ya impruvu, ilianza Uingereza kwenye redio, BBC Radio 4, mwaka 1988, mwaka huo huo ikaingia televisheni ya Channel 4, na 1998 Wamarekani wakafanya yao. Ila angalia vizuri hao wa Second City walikuwa wanafanya nini. Shoo kuu ya pale sio impruvu tupu, ni vipande vilivyoandikwa, ila vimeandikwa kwa njia ya impruvu: wanajaribu jambo mbele ya watu baada ya shoo, linalochekesha wanalirudia kesho yake, wanalikata, wanalirudia, mpaka linakuwa skripti. Kwa hiyo kama macho yako yako huko jifunze kuandika, rekodi zako za sauti ndo daftari lako la kwanza.

Jambo la mwisho kabla hujachapisha mabango. Michezo na mazoezi mengi tunayotumia yanazunguka dunia nzima na hakuna atakayekudai kwa kuyafundisha, ila baadhi ya majina ya shoo yana wenyewe. Theatresports kwa mfano inatolewa leseni na taasisi aliyoiacha Johnstone, pamoja na shoo zake nyingine, Maestro na Gorilla Theatre, kwa hiyo ukitaka kuuza tiketi kwa majina hayo waandikie kwanza uombe leseni, na kama hutaki usumbufu huo pangeni shindano lenu, mlipe jina lenu na sheria zenu, majaji mtawapata tu, watu hawakosi mdomo.